Andikeni na Sababu

Wanangu mnaotengeneza programu, kila mnapochagua mnaacha kitu. Ukitaka mtambo uwe mwepesi, kuna ukaguzi utakaoupunguza. Ukitaka kazi iishe Ijumaa, kuna jaribio litakalorukwa. Sikatazi. Asiyekubali kuacha kitu hamalizi kazi. Ninachowasihi ni kuandika sababu papo hapo, kando ya uamuzi wenyewe.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na haikumaliza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ya uongozaji ilirithiwa kutoka Ariane 4. Wakati ule wahandisi walijiwekea mpaka: prosesa isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kulikuwa na thamani 7 zilizoweza kufurika. Kwa ajili ya mpaka huo wakazikinga 4, wakaziacha 3, wakiamini hazitafika kiwango cha hatari. Mimi nawatetea: kwa Ariane 4 hapakutokea baya. Lakini Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Thamani moja kati ya zile 3 ikakosa kuenea katika biti 16. Kompyuta ya akiba ikazimika, na ile kuu ikafuata, maana zote mbili zilibeba programu ileile. Na linaloniuma ni kwamba sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote Ariane 5 ikishaondoka ardhini! Tume ya uchunguzi haikukuta ndani ya programu neno lolote la kueleza kwa nini zile 3 ziliachwa wazi. Makubaliano yalikuwepo, ila yalizama katika wingi wa nyaraka.

Nami niliwahi kurithi programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ndani yake mlikuwa na mstari uliokata jina la mwanachama kwenye herufi ya 20, na juu yake neno moja: "Usiguse." Tukaogopa. Kina mama wenye majina marefu wakawa wanarudishwa dirishani, kwa kuwa kitabu na kitambulisho havikulingana. Baadaye sana tukagundua sababu: printa ya stakabadhi, ambayo ilikwisha kutupwa zamani.

Basi kesho, kabla hujakabidhi kazi, ongeza mistari mitatu: tumechagua nini, tumeacha nini, na jambo gani likibadilika tupime upya. Ukiwa na haraka, anza na huo wa tatu.