Masharti ya Tajiri na Uaminifu wa Dalali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani udalali si kazi ngeni. Twawajua madalali wa nyumba, wa mashamba na wa magari. Humleta mnunuzi kwa muuzaji, kisha hupata chao. Siku hizi umezuka udalali mwingine, ambao duka lake halina mlango wala dalali wake haonekani uso. Vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, wameuingia kwa simu zao, na hapana aliyewaeleza hukumu yake. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu tuseme neno.

Kazi yenyewe ni hivi. Tajiri mwenye duka katika intaneti hufungua mpango wa madalali, na kila dalali hupewa kiungo chake mwenyewe akieneze. Mtu akikibonyeza kiungo hicho, alama ndogo iitwayo kuki huwekwa ndani ya simu yake, ili tajiri ajue mnunuzi huyu kaletwa na nani. Akinunua kabla ya muda wa alama kwisha, dalali hupata fungu lake. Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, na muda wa alama yake kwa kawaida ni saa 24. Zaidi ya hayo, matajiri hutoa kuponi, yaani neno au tarakimu ambazo mnunuzi akiziandika wakati wa kulipa hupunguziwa bei.

Kazi hii kwa asili yake ni halali, madhali bidhaa ni halali. Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameweka mlango mzima wa ujira wa dalali katika Sahihi yake, akataja kuwa wanavyuoni kama Ibn Sirin, Ataa na Hasan hawakuona ubaya kwa ujira huo. Lakini tazameni, ndugu zetu, hekima ya Imam huyu: ndani ya mlango huo huo ameitaja kauli ya Mtume (s.a.w.) ya kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao. Basi ujira wa dalali na masharti aliyoyakubali vimekaa pahali pamoja. Atakaye kula cha kwanza hana budi kutekeleza cha pili.

Je, matajiri hao huweka masharti gani juu ya kuponi? Mengi yanafanana. Dalali asitangaze ila kuponi alizopewa yeye, au zile zilizoruhusiwa kwa wote; maana ziko kuponi za wafanya kazi wa duka, ziko za wanafunzi, na iko ya mteja mmoja aliyeletewa kitu kibovu akaombwa radhi. Hizo zina wenyewe. Kuponi iliyokwisha muda iondolewe. Asidai kuwa anayo kuponi na hali hanayo. Asilipie matangazo katika Google kwa jina la duka lenyewe, akawakinga njiani watu waliokuwa tayari wakienda dukani. Na katika mipango mingi, asijinunulie mwenyewe kwa kiungo chake kisha akadai ujira.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo madogo, yana dhara gani? Na tuchukue mfano. Mtu wa kwanza amekesha akiandika maelezo ya cherehani, ubora wake na ila zake. Mnunuzi akayasoma, akaridhika, akabonyeza kiungo, akaenda dukani. Alipofika mahali pa kulipa akaona kisanduku cha kuponi, akatoka kwenda kuitafuta. Hapo humtokea mtu wa pili, ametangaza kuwa anayo kuponi kubwa ya duka lile, abonyeze aione. Akibonyeza haoni kitu, au huona kuponi iliyokufa zamani. Lakini alama ya huyu wa pili imekwisha kukaa mahali pa ile ya kwanza, na kwa kuwa maduka mengi humlipa aliyebonyezwa mwisho, ujira wote humwendea yeye. Amemdanganya mnunuzi, amemnyang'anya dalali mwenzake jasho lake, na amemlipisha tajiri kwa kazi isiyofanywa. Dhulma tatu kwa kidole kimoja!

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya chakula, akakuta ndani mna umajimaji na juu pakavu. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka ule wa majimaji juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wao. Kuponi iliyokufa ikatangazwa kuwa ni hai, ina tofauti gani na chungu ile?

Wako wasemao kuwa masharti haya ni ya kampuni za Wazungu walio mbali, si sheria za dini. Twawajibu: aya ya kwanza ya Suratul Maida imewaamrisha walioamini watimize mapatano, wala haikubagua mapatano na fulani wala fulani. Na Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, amana za Makureshi zilikuwa kwake, na wao ndio waliokuwa wakitaka kumuua. Alimwacha nyuma Sayyidna Ali azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa adui mwenye upanga alirudishiwa amana yake, vipi mwuza viatu aliyekuahidi ujira na hakukukosea kitu?

Wengine husema: mimi namsaidia maskini apate nafuu ya bei, na hiyo ni sadaka. Ndugu yetu, sadaka hutolewa katika mali yako, si katika mali ya mwenzio. Na mtu hatoi sadaka kisha akaipokelea kamisheni.

Wengine husema kila mtu hufanya, na hapana ajuaye. Si kweli kwamba hapana ajuaye. Huko Marekani madalali wawili wakubwa wa eBay walikuwa wakiweka alama zao katika kompyuta za watu wasiobonyeza kitu, wakapokea mamilioni ya dola. eBay iliwashitaki mwaka 2008, na mwaka 2014 mahakama ya California iliwahukumu kifungo, mmoja miezi 5 na mwenziwe miezi 15. Mwishoni mwa mwaka 2024 yalizuka madai mengine juu ya Honey, programu ya kutafuta kuponi ambayo PayPal iliinunua kwa kiasi cha dola bilioni 4, ya kwamba huondoa alama za madalali wengine na kuweka yake. Madai hayo yalifikishwa mahakamani, nasi hatuhukumu tusilolishuhudia. Lakini mwaka 2025 Google ilikaza sheria za programu kama hizo katika Chrome, kwamba zisiweke alama ya udalali pasipo mtumiaji kutenda jambo na kupata manufaa. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uwongo kwa mnunuzi. Na juu ya mahakama zote yuko Asiyesinzia.

Lakini uadilifu hauna upande mmoja. Sharti lenye kuhalalisha haramu halifuatwi. Tajiri akikutaka useme bei ilikuwa juu na hali haikuwa, au usifu kitu usichokijua, usimtii. Uache mpango wake. Nao matajiri wetu wa pwani walioanza kufungua mipango yao, yawapasa waandike masharti kwa lugha ambayo dalali aifahamu, wasiyabadilishe kwa siri, na wamlipe dalali haki yake bila ya kumzungusha. Mtume (s.a.w.) ameusia mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Basi enyi vijana wetu, fanyeni hivi. Msikubali masharti kabla ya kuyasoma. Na asiyefahamu Kiingereza chake na amwulize ajuaye. Mkitiliwa shaka na kuponi, mwandikieni mwenyewe mumwulize, na mpaka ajibu msiitangaze. Waambieni wasomaji wenu wazi kuwa mwapata ujira wakinunua. Aliye mkweli hapungukiwi kwa kusema kweli. Na aliyekwisha pokea fedha kwa njia ya hila ajue kuwa haki ya mwanadamu haifutwi kwa istighfari peke yake. Aiondoe kuponi ile, amwarifu tajiri, na arudishe alichokichukua. Kuyasema haya kwa tajiri leo ni kwepesi kuliko kuyajibu kesho.

Riziki ya halali, ijapokuwa ni shilingi chache za simu, hulisha nyumba ikashiba. Ya haramu hujaza mkono na kuitoa baraka mlangoni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na khiana iliyo dhahiri na iliyo siri, na atujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi. Amin.