Mama Aliponipa Mkataba Nimsomee



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii Swala wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana deni. Niliisoma Ramadhani nyingi kabla sijajua kwamba inanihusu mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Shamba alilotuachia marehemu baba liliingia mgogoro, mama akatafuta wakili. Mkataba wa ada ulikuwa kurasa nne za Kiingereza, lugha ambayo mama haisomi. Akanipa mimi. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaona shilingi milioni 2, nikamwambia, "Mama, ni sawa."

Hapa Uganda Sheria ya Mawakili inataka mkataba wa namna hii uwe wa maandishi, utiwe saini, na uwe na cheti cha mthibitishaji asiye upande wowote, kwamba mteja ameelezwa na ameonekana kuelewa. Mthibitishaji alimwuliza mama kama ameelewa. Mama akanitazama. Nikaitikia kwa niaba yake, naye akaweka dole gumba.

Ukurasa wa tatu, ambao sikuufungua, ulisema fedha hizo ni za kufungua kesi tu. Kila siku ya kufika mahakamani ina malipo yake. Ada za mahakama, nauli na mpimaji wa ardhi ni juu ya mteja. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na ng'ombe wa maziwa akauzwa. Nilipokwenda kulalamika, wakili alinifungulia ukurasa wenyewe. Hakuwa ameficha kitu. Nyumbani mama aliniuliza neno moja tu: "Si ulisema umesoma?"

Ndugu zangu, katika aya ile Allah anaamrisha kwamba asiyeweza kuandikisha mwenyewe, walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Siku ile walii wa mama nilikuwa mimi. Nilidhani amana ni fedha unayowekewa. Kumbe hata macho ni amana, unapomsomea asiyesoma.

Katika fiqhi, kumwajiri wakili ni uwakala wa malipo: kazi ijulikane, na ujira ujulikane. Kisichojulikana ni gharar, na gharar huzaa ugomvi. Kuuliza si kumdhania mtu vibaya. Kunawalinda wote wawili, kwani wakili naye ana haki ya kulipwa ujira wake bila kuzungushwa.

Basi kabla ya saini, uliza: Fedha hii inalipia kazi gani, na inaishia wapi? Gharama gani ziko nje yake? Je, kodi ya VAT ya asilimia 18 imo ndani? Kesi ikikatiwa rufaa, tunaanza upya? Tukishindwa, gharama za upande wa pili atalipa nani? Nikimwacha wakili katikati, nitadaiwa nini? Omba nakala ya mkataba, na kila ukilipa chukua risiti. Na ukiambiwa usilipe sasa, mtagawana kitakachopatikana kesini, jihadhari: sheria inamkataza wakili makubaliano hayo. Usipoelewa neno, sema hujaelewa. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Nyumbani kwetu sisi ndio wasomi. Wazazi wametuuzia mazao ili tusome, kisha wanatuletea karatasi wakiamini tutaona wasichokiona. Tusiwajibu "ni sawa" kwa haraka ya kurudi kwenye simu zetu.

Nilimwomba mama radhi, akanisamehe. Ng'ombe hakurudi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu kwa wanaotutegemea, utusamehe tulipozembea, na uwarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.