Jenerali Aliyekubali Kurudi Darasani

Vijana wa Kiuu, ninyi mnaoamka alfajiri kuwahi mzigo sokoni Githurai, nina mtu wa kuwasimulia. Naye aliwahi kuhangaika na biashara ya mboga jijini Nairobi. Ni Waruhiu Itote, mzaliwa wa Kaheti, Nyeri, mwaka 1922. Baadaye serikali ya mkoloni ilimsaka kwa jina jingine: Jenerali China.

Hakuna aliyempa cheo kwa sababu ya ukoo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la King's African Rifles, akapelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani. Alirudi akiwa koplo. Koplo tu! Kazi aliyopata nyumbani ni ya kuchochea moto kwenye garimoshi la reli. Umepigania himaya ya mtu mwingine ng'ambo ya bahari, kisha unarudi kwenu unakuta ardhi bado ni ya mlowezi na kura huna.

Itote hakuketi kulia. Yale aliyojifunza katika misitu ya Burma aliyapeleka Mlima Kenya. Mwaka 1952 aliingia msituni, akawaongoza maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau upande ule wa mlima. Serikali iliyomfundisha kulenga shabaha ikajikuta mbele ya mtutu wake.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye bunduki. Mimi kilichonishika ni kilichofuata.

Januari 1954 alipigwa risasi shingoni, akatiwa mbaroni. Afisa wa polisi Ian Henderson alimhoji kwa saa 68. Mahakama ikamhukumu kunyongwa. Akaponea chupuchupu, kwa kuwa alikubali kuwaandikia wenzake msituni ili wazungumze na serikali, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo. Siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa: wapo waliomwita msaliti kwa hilo. Mimi namwona mtu aliyekuwa na kitanzi mbele ya macho, na sioni aibu kumsimulia pamoja na doa lake.

Alipelekwa Lokitaung, kule Turkana, kwenye joto na vumbi, alikofungwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Na hapo ndipo jenerali aliyekuwa akitoa amri kwa maelfu alipoketi chini kama mtoto wa shule, akafundishwa Kiingereza na Kenyatta. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, kovu likiwa bado bichi, na hakuna aliyejua kama angetoka hai. Angeweza kusema, "Mimi jenerali, nifundishwe nini tena?" Wangapi mtaani kwetu wamekwama kwenye sentensi hiyo, na jeshi hawajawahi kuongoza?

Alipoachiwa mwaka 1962 hakudai apigiwe saluti kwa cheo cha msituni. Alikwenda Israeli kusomea uafisa, mwanafunzi kwa mara nyingine. Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile NYS mnayoijua, ilipoanzishwa mwaka 1964, aliwekwa kuwa mmoja wa viongozi wake, akafanya kazi na vijana wa rika lenu kwa miaka mingi. Mwaka 1967 kikatoka kitabu chake, Mau Mau General, kimeandikwa kwa lugha ileile aliyoisomea gerezani.

Basi wewe uliyeacha shule kidato cha pili ukaona umepitwa na wakati, wewe makanga mwenye akili ya hesabu inayoshinda ya mwenye gari, wewe fundi unayeona haya kumuuliza kijana mdogo jinsi ya kutumia kompyuta: kaa chini, uliza, andika. Jina lako la mtaani liache mlangoni, utalikuta ukitoka. Hujafungwa Lokitaung. Hakuna askari anayekuzuia kuvuka barabara kwenda kujiandikisha. Anza wiki hii, na ukianza mkokote na mwenzako mmoja.