Meza ya mtoto Mbingu

Asubuhi hii Mbingu, bonde la Kilombero, panaamka penye mpunga, ndizi na kakao. Hata hivyo, mtoto akitimiza miaka mitano, mezani mara nyingi hutangulia soda na biskuti.

Soda ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku; kwa mtoto huyo, chupa moja yatosha kukimaliza kiwango hicho.

Keki ya siku ya kuzaliwa ibaki, ni haki yake. Pembeni uwepo wali wa Ifakara unaonukia, perege aliyetolewa miiba, na papai lililokatwa vipande vya kushikika na vidole vidogo.

Karanga nzima wasipewe wageni walio chini ya miaka mitano: huweza kuwapalia.