Deni la Mwenye Kuajiri

Mwajiri akiisha kulipa mshahara mpaka senti ya mwisho, je, bado adaiwa na mtumishi wake? Wengi watajibu upesi kwamba hadaiwi kitu. Watu wa Ngara wana sababu ya kusita.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika mauaji na vita, watu waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Pale Benaco pakawa mji wa hema. Mashirika ya misaada yakahitaji mara moja wauguzi, makarani, madereva na wakalimani, na wengi waliwapata katika zahanati na shule za wilaya ile ile. Mwalimu aliyeahidiwa mshahara mkubwa kuliko wa serikali aliacha chaki akashika daftari la ghala. Msomaji asidhani twamlaumu. Alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini darasa lilibaki bila mwalimu. Kisha Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakaamriwa kurudi kwao, na kazi nyingi zikaondoka pamoja nao.

Hapana aliyedanganywa: mkataba ulisema kazi ni ya muda. Hapo ndipo penye ugumu. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi, kwa kuwa iko haki iliyo kubwa kuliko mapatano: ijara impatie mfanyakazi riziki. Kwa maoni yetu fikira hiyo yafika mbali kuliko mshahara. Amtoaye mtu katika kazi aliyosomea achukua pia miaka ambayo angepanda cheo, na ujuzi unaofifia mikononi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yaamuru kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi, tena cheti cha utumishi. Vema, ila kipimo hicho chahesabu siku tu.

Biharamulo nako mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2013 ukabadili mwenyewe. Na mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga, huko Ngara. Vijana watakaoandikwa kazi huko wataulizwa vyeti vyao. Nao wamwulize mwajiri, siku ile ile ya kuandikwa: nitajifunza nini kwako kitakachonifaa mgodi ukifungwa?