Raha ya Mwindaji Aliyeketi Juu ya Mti



Swali tunalotaka kulizungumza ni hili: Je, yafaa mtu kulifurahia jambo ambalo mwisho wake ni mauti ya kiumbe kingine? Wengi hulijibu kwa haraka. Huyu husema kila uwindaji ni ukatili. Yule husema mnyama ameumbiwa mwanadamu, basi hapana la kuulizwa. Sisi twaona majibu yote mawili yana upungufu. Na ili jambo lidhihirike, natutazame uwindaji wa namna moja tu, ulio mbali na kwetu: uwindaji wa elki katika milima ya magharibi ya Marekani, mwindaji akiwa juu ya mti.

Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Dume lake hufikia uzito wa kilo 300 na kuzidi, na pembe zake zenye matawi humwanguka kila mwaka zikaota nyingine. Watu wa kabila la Shawnee walimwita wapiti, kwa ajili ya weupe wa sehemu yake ya nyuma. Katika mwezi wa Septemba, wakati wa kupandana, madume hulia kwa sauti kali nyembamba mfano wa filimbi, nayo husikika toka bonde hata bonde. Tena hugaagaa katika madimbwi ya matope.

Wawindaji wengi humfuata mnyama huyu kwa miguu, wakipanda na kushuka milima. Lakini wako wanaochagua njia nyingine. Hutafuta dimbwi au njia ya kuendea maji, wakafunga ulingo katika mti ulio karibu, wakajifunga mkanda wasianguke, wakakaa na pinde zao kungoja. Ulingo twaujua, ndio ule wa kulindia ndege shambani. Tofauti ni kuwa mlinzi wa shamba hupiga kelele ili ndege waondoke, na mwindaji hunyamaza ili mnyama aje.

Anayepanda mara ya kwanza huona adha tupu. Mwili humwasha, miguu hufa ganzi, na nafsi humwambia ashuke akatembee. Akivumilia, mambo hugeuka. Huanza kuujua upepo: kwamba alfajiri hewa ya baridi huteremka bondeni, jua likipata nguvu hewa hupanda mlimani, na jioni hurejea chini, na kwamba harufu yake yeye husafiri pamoja na hewa hiyo, ikamtoa siri. Ndege humsahau, na wanyama wadogo hupita chini yake pasi na hofu. Mtu aliyezoea kuingia kila mahali kwa kishindo hugundua kwa mara ya kwanza jinsi dunia inavyokwenda pale asipokuwapo. Hiyo ni raha, wala si raha duni.

Hapo mpinzani atasema: “Ikiwa raha ni ya kutazama, basi upinde wa nini? Na auache nyumbani.” Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuikwepa. José Ortega y Gasset, mwanafalsafa wa Hispania aliyeandika juu ya uwindaji mwaka 1942, alishikilia kwamba kuua si shabaha ya raha ya mwindaji, ila bila ya kuua uwindaji si uwindaji. Maneno hayo yana ukweli, kwani mtu aliyekuja kutafuta chakula huangalia kwa makini asiyokuwa nayo mpita njia. Lakini hayatoshi. Mauti ya mnyama hayawi halali kwa sababu tu yamemzidishia mtu umakini. Ni lazima pawe na haja, nayo ni nyama. Tena pawe na mipaka.

Na historia ya elki ni ushahidi wa mipaka hiyo. Yakadiriwa kwamba kabla ya kuja Wazungu walikuwako kiasi cha milioni 10. Ilipoanza karne ya 20 hawakufika 100,000. Wengine waliuawa kwa ajili ya meno mawili tu ya kufanyia mapambo, na mizoga ikaachwa ioze. Hao nao walifurahi! Baadaye zikaja sheria za kuzuia na kulinda, na mwaka 1937 ikatungwa sheria ya kutumia kodi ya bunduki na risasi katika kuwarejesha wanyama. Leo wanakadiriwa kuwa kiasi cha milioni moja. Na katika majimbo mengi ya huko, aliyeua mnyama akaiacha nyama iharibike huhesabiwa kuwa amevunja sheria.

Lakini sheria haipandi mtini pamoja na mwindaji. Aldo Leopold, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, alitambua kwamba mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala wa kumzomea. Hakimu wake ni dhamiri yake. Na Muislamu anajua kwamba katika Suratul Maida windo lililo karibu na mkono limetajwa kuwa ni mtihani wa mwenye kumcha Mola wake kwa siri.

Tazama sasa mtihani wenyewe. Elki amekuja, amesimama chini kabisa ya mti. Asiyejua hudhani hapo ndipo pepesi, kumbe ndipo pagumu. Mshale unaoshuka wima huweza kupita pafu moja tu, na mnyama akakimbia na jeraha, akafa mbali kwa mateso, asionekane. Inampasa mwindaji angoje mpaka mnyama asogee, ageuze ubavu, mguu wa mbele utangulie. Na asipogeuka? Basi na aende zake. Mtu amekaa siku nne kwa baridi, mkono umeshika upinde, hapana jicho linalomwona. Naye hauachii mshale. Akirejea nyumbani mikono mitupu na moyo umetulia, twajua ya kuwa raha yake ilikuwa safi. Akirejea na ghadhabu, au akipiga kwa kubahatisha kwa kuchelea kurudi bure, twajua alikuwa akipenda nini tangu mwanzo.

Basi jawabu letu ni hili: raha ya uwindaji haipimwi kwa mshale uliopigwa, hupimwa kwa mshale uliozuiwa. Anayeweza kujizuia, akala alichokiua, na akahuzunika kidogo anapomgusa mnyama aliyekufa, huyo hatumlaumu. Anayetaka pembe za kutundika ukutani, nyama kwake si kitu, huyo ni ndugu wa wale waliong’oa meno.

Hapa Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hatudhani kwamba msomaji wetu atapanda mti wa Marekani. Lakini kila mwenye kuona asipoonekana, na mwenye nguvu juu ya asiyejua, yu juu ya ulingo wake. Na ajiulize: mkono wangu huzuiwa na nini?