Nafsi Ikikusuta, Simu Ikilia

Siku hizi kila mtu anatuambia tusikilize sauti ya ndani. Sawa, lakini ipi? Humo ndani tamaa inasema, woga unasema, na maneno ya watu uliyoyasoma asubuhi kwenye simu nayo yanasema, tena kwa sauti yako mwenyewe.

Socrates, aliyehukumiwa kifo kule Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, alikuwa na jibu. Kwa mujibu wa Plato, aliwaambia waliomhukumu kwamba tangu utotoni alikuwa akisikia sauti fulani. Haikumwambia kamwe “fanya”. Ilimzuia tu.

Kiswahili nacho kinalijua hilo. Tunasema nafsi inamsuta mtu. Na kusuta si kunong’ona, ni kumkabili mtu kwa maneno au matendo yake mwenyewe hadi akose pa kujificha.

Ila nafsi nayo inahitaji nafasi. Chukua mfano: unataka kusambaza picha ya aibu ya mtu kwenye grupu la WhatsApp. Kidole kinasita. Kusita huko ndiyo sauti yenyewe. Mara ujumbe mwingine unaingia, unaufungua, unacheka. Ukirudi ushasahau kwa nini ulisita. Unatuma.

Kwa hiyo sidhani kama lazima twende mlimani kutafuta ukimya. Tuanze na kuuheshimu ule muda mfupi wa kusita. Weka simu chini, jiulize: nini kinanizuia? Tamaa ukiipuuza itarudi tu, hata mara kumi. Hii nyingine huenda isirudi mpaka picha imeshasambaa.